Mgonjwa Haulizwi Uji

Wahenga wetu walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake si ngumu. Ukimwona mtu yu hoi kitandani, usisimame mlangoni kumwuliza kama angependa uji au la. Upike, umpelekee, umnyweshe. Methali hii imewalea wengi wetu, wala hatukusudii kuibeza. Walakini siku hizi mgonjwa, au mzazi wake, huulizwa. Na haulizwi kwa mdomo tu, bali kwa karatasi yenye kurasa kadhaa ambayo mwishoni mwake pana mstari wa kutia sahihi. Tena anachoulizwa si uji, ambao kila mtu aujua tangu utotoni, bali ni dawa ambayo hata huyo anayeitoa hawezi kusema kwa hakika itamfanyia nini mnywaji baada ya miaka ishirini. Je, ni haki kumpa binadamu dawa ambayo mwisho wake haujajulikana? Na ikiwa si haki, huo mwisho utajulikanaje, na kwa mwili wa nani?

Swali hili halikutujia kutoka vitabuni. Tunakaa Makumira, chini ya Mlima Meru, kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati ukungu ulipokuwa umeshuka hadi kwenye migomba na wanafunzi wameficha mikono ndani ya masweta, alitujia mama mmoja ambaye mwanawe tunamfundisha. Mtoto huyo tulikuwa tumezoea kutomwona darasani miezi ya Juni na Julai, kwa maana baridi humwamshia maumivu ya mifupa ambayo hata mtu mzima hawezi kuyavumilia bila kulia. Mama alikuwa na karatasi aliyoifunga katika mfuko wa plastiki ili isilowe. "Mwalimu, naomba unisomee," alisema. "Kusoma najua, lakini hii imenishinda." Karatasi ilimwomba akubali mtoto aanzishiwe dawa ya kumeza kila siku, na tena afuatiliwe kwa miaka mingi. Tulisoma pamoja, taratibu, tukafika ukurasa wa nne, palipoandikwa kwamba madhara ya muda mrefu ya dawa hiyo kwa watoto bado yanaendelea kuchunguzwa. Mama akatushika mkono tusiendelee. "Muda mrefu ni lini, mwalimu?"

Hatukuwa na jibu, na hayo tunayoyaandika hapa ni kujaribu kumjibu.

Ugonjwa wenyewe ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Jina la Kiswahili lilichaguliwa vyema: seli nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara laini, hupinda zikawa na umbo la mundu, zikaziba mishipa midogo na kuunyima mwili hewa safi. Ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huugua ikiwa amepokea jeni yake kwa baba na kwa mama pia. Aliyeipokea kwa mzazi mmoja tu haugui. Bali, kinyume cha tunavyoweza kutazamia, hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo, tukitazama kwa jicho la maadili, twaona tayari kuna deni: watoto wachache wanaumwa kwa sababu ya jeni ileile iliyowaokoa wengi katika koo zao na homa ya mbu. Hatuna budi kulikumbuka deni hilo tutakapofika mbele.

Wenzetu wa nchi tajiri huuweka ugonjwa huu katika kundi la magonjwa adimu. Sheria ya Marekani ya miaka ya 1980 huuhesabu ugonjwa kuwa adimu ikiwa wagonjwa wake nchini humo hawafiki 200,000. Na wenye selimundu huko hukadiriwa kuwa kama 100,000. Hapa Tanzania pekee, inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Adimu kwa nani, basi? Swali hilo si la kuchezea maneno. Dawa ya ugonjwa adimu huruhusiwa ijaribiwe kwa watu wachache, na aghalabu kwa muda mfupi, kwa kuwa wagonjwa wenyewe hawapatikani kwa maelfu na haifai kuwangojesha. Huruma hiyo ni njema. Lakini dawa iliyopitishwa kwa kipimo cha wachache ikifika kwetu humezwa na wengi, tena wenye malaria, utapiamlo na minyoo, mambo ambayo hayakuwamo katika mwili wa yule aliyejaribiwa kwanza.

Sasa turudi kwa lile neno "muda mrefu". Sisi wa upande huu wa Meru tungepaswa kulielewa kuliko watu wengine, kwa sababu limeandikwa menoni mwetu. Maji yapitayo katika miamba ya volkano ya mlima huu hubeba floraidi nyingi. Mwendo mfupi kutoka Makumira upo mto wa Maji ya Chai, ambao jina lake lenyewe laeleza rangi yake, na maji yake yanajulikana kwa madini hayo. Mtu akinywa bilauri moja haoni kitu. Akinywa mwezi mzima haoni kitu. Mtoto akiyanywa katika miaka ile ambayo meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya ufizi, meno hayo huota na madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa majivu. Akiendelea kuyanywa kwa miaka mingi, na hasa yakiwa mengi mno, hata mifupa huathirika. Wapo waliopinda miguu, na wazee ambao migongo yao haikunjuki. Bandu bandu huisha gogo.

Tunawaomba wanafunzi waliangalie jambo hili kwa makini, kwa maana lina mafunzo zaidi ya moja. Kwanza, madhara ya polepole hujificha ndani ya mazoea. Kwa vizazi vingi meno ya kahawia yalichukuliwa kuwa alama ya kwao mtu tu, kama lafudhi: ukimwona mtu mjini anacheka ukamwuliza, "Wewe wa Arusha?", basi mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyeuliza nani alimfanyia hivyo, kwa kuwa kati ya maji na jino palikuwa na miaka minane. Na la pili ni chungu zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu miligramu 8, baadaye ikashusha hadi 4, kabla ya kukikubali kile kipimo cha dunia. Haikuwa roho mbaya. Maji mengine hayakuwapo, na mwenye kiu haambiwi asubiri mpaka kisima kingine kichimbwe. Kule Ngurdoto wataalamu wamefanya kazi kwa miaka ya kuichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kazi hiyo yafaa kuheshimiwa. Lakini hesabu imebaki: kulikuwa na usalama wa 1.5 kwa waliokuwa na maji ya kuchagua, na usalama wa 8 kwa wasiokuwa nayo. Miili haikuwa tofauti.

Huenda msomaji akasema kwamba wazee wetu walizijua dawa zao kwa kuzitumia vizazi na vizazi, na kwamba huo ndio uchunguzi wa muda mrefu kuliko wote. Neno hilo lina ukweli, na ndiyo maana tangu mwaka 1974 Muhimbili pamekuwa na kitengo, ambacho baadaye kilikuwa taasisi, cha kuchunguza dawa za asili. Mganga wa kijijini alikuwa na jambo moja ambalo hospitali kubwa mara nyingi hazina: alikaa palepale. Alimtibu bibi, akamtibu binti, akamtibu mjukuu. Dawa yake ikiua, alizikwa marehemu mbele ya macho yake, na mashtaka yalijulikana pa kupelekwa. Hata hivyo mapokeo huona vizuri lile linalotokea upesi tu. Mzizi unaomwua mtu jioni huachwa; mzizi unaoharibu figo kwa miaka kumi na tano huendelea kuchemshwa, kwa maana mtu hatambui kwamba kaburi la leo lilichimbwa na sufuria ya zamani. Wale waliotupa desturi nzuri nyingi ndio pia waliotupa magadi katika mboga, na magadi ya upande wetu yana floraidi.

Tuliyaona hayo kwa ukubwa wake mwaka 2011, katika siku za kikombe cha Samunge, huko Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyefariki mwaka 2021, alitoa kwa shilingi 500 kikombe cha dawa ya mti wa mugariga, na watu wakamiminika kutoka nchi nzima na nje yake, magari yakapanga foleni za kilometa nyingi porini. Wengi walipita Arusha. Hatutaki kuwacheka waliokwenda. Miongoni mwao walikuwamo walioshindwa na kila kitu. Wala bei ya shilingi 500 haikuwa ya mtu anayetafuta utajiri. Tunasema neno moja tu: hapakuwa na daftari. Maelfu kwa maelfu walikunywa wakarudi makwao, na hapakuwako aliyeandika huyu anaitwa nani, anaumwa nini, ameacha dawa gani nyingine, yu hai baada ya mwaka. Kwa hiyo aliyepona hakuthibitisha kitu, na aliyekufa hakuthibitisha kitu pia. Jaribio kubwa namna ile likapita bila kutuachia hata punje ya maarifa.

Dawa aliyopewa yule mama ina historia tofauti. Jina lake ni haidroksiyurea. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, ikakaa kwa miongo mingi bila kazi, kisha ikatumiwa kutibu baadhi ya saratani. Baadaye ikaonekana kwamba huuamsha mwili utengeneze tena ile hemoglobini ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni, na hemoglobini hiyo haizipindi seli. Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 299 wa Marekani na Kanada: vipindi vya maumivu vilipungua karibu kwa nusu. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa watu wazima wenye selimundu.

Wasiwasi haukukosekana, na haukuwa wa kipuuzi. Dawa inayogusa utengenezaji wa seli yaweza kuleta saratani baadaye. Yaweza kupunguza uzazi wa wanaume. Yaweza kuzishusha seli nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Na Afrika, pamoja na malaria yake, askari hao wakipungua itakuwaje? Watu waangalifu wakasema tungoje. Wakangoja. Ilikuwa mwaka 2017 yalipotolewa matokeo ya uchunguzi wa watoto 208 uliofanyika Kampala, ambapo wengine walipewa dawa na wengine kidonge kisicho na dawa, na ikaonekana malaria haikuzidi kwa waliopewa dawa. Mwaka 2019 yakatolewa ya uchunguzi mkubwa zaidi, wa watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria yenyewe, iliyoogopwa sana, ilipungua karibu kwa nusu.

Kutoka 1998 hadi 2019 ni miaka 21. Katika miaka hiyo watoto wa Afrika wenye selimundu waliendelea kufa kwa wingi kabla hawajatimiza miaka mitano. Hofu ya madhara ya muda mrefu ilikuwa na adabu zote za uangalifu, ila ilisahau kwamba mtoto anayekufa akiwa na miaka mitatu hana muda mrefu wa kudhurika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunasema. Na tuongeze jambo ambalo hatujaona likitajwa vya kutosha: ipo karatasi ya ridhaa ya kunywa dawa, lakini hakuna karatasi ya ridhaa ya kusubiri. Hakuna mzazi aliyewahi kuitwa akaambiwa, "Mama, tunaogopa; kwa hiyo mwanao atakaa bila dawa kwa miaka 21; tia sahihi hapa kama unakubali." Kunyimwa hakuombi ruhusa.

Hapo baadhi ya wasomaji watadhani tumeshamaliza, kwamba tunataka dawa ziletwe upesi na maswali yaachwe. La hasha. Lipo tukio la pili, na ni la juzi tu.

Mwezi wa Novemba 2019 Marekani iliidhinisha kwa njia ya haraka dawa nyingine ya selimundu, vokselota, iliyouzwa kwa jina la Oxbryta. Uamuzi huo ulitegemea uchunguzi wa wagonjwa 274, na kipimo kilichotazamwa kilikuwa hemoglobini katika juma la 24. Hemoglobini ilipanda kweli. Majuma 24 hayafiki miezi sita, na dawa ilikuwa ya kunywewa maisha yote. Uchunguzi zaidi ukaendelea baada ya idhini, kama ilivyotakiwa, na sehemu yake ikafanyika katika nchi za Afrika, Kenya ikiwamo. Katika uchunguzi mmoja wa watoto 236 waliokuwa katika hatari ya kupooza, walifariki wanane miongoni mwa waliopewa dawa, na wawili miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Katika uchunguzi mwingine, wa wagonjwa 88 wenye vidonda vya miguu wa Brazil, Kenya na Nigeria, walifariki pia wanane. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa yalikuwamo maambukizo na malaria. Haikuthibitika kwamba dawa ndiyo iliyowaua. Lakini mnamo Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa dawa hiyo katika masoko yote ya dunia.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Dawa ya kwanza iliogopwa kwa sababu ya malaria, nayo malaria ikapungua. Dawa ya pili ilipokelewa kwa shangwe, na ilipokutana na watoto wa nchi zenye malaria, hesabu ya vifo ikaelemea upande mmoja. Akili ya mtu aliyeketi mezani, hata awe msomi namna gani, haikuweza kutabiri hata moja kati ya hayo mawili. Ilibidi kutazama. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wasemao kwamba kumjaribia mtu dawa ni uovu kwa asili yake. Uovu ungekuwa kuigawa kama kikombe, bila daftari. Wala madhara hayaji kwa kalenda moja. Ile dawa ya Ujerumani ya thalidomaidi, iliyouzwa tangu 1957, ilijionyesha watoto walipozaliwa wakiwa na mikono mifupi, nayo ikaondolewa 1961. Lakini mwaka 1971 madaktari wa Boston waligundua saratani ya nadra kwa wasichana ambao mama zao walipewa dawa fulani ya homoni wakiwa wajawazito. Wasichana hao hawakuimeza wao. Muda mrefu, basi, waweza kuwa mrefu kuliko maisha ya yule aliyetia sahihi, ukamfikia mtu ambaye wakati wa sahihi hakuwapo.

Nani basi ana haki ya kuamua? Watu wa Meru hawahitaji kufundishwa na mgeni maana ya kuamuliwa pasipo kuulizwa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu wananchi wa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na katika maelezo yaliyotolewa hayakukosekana ya kwamba mpango huo ulikuwa wa maendeleo. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kuyasema malalamiko ya watu wake. Hoja haikuwa ukubwa wa ardhi tu. Hoja ilikuwa kwamba watu wazima walifanywa vitu. Kwa hiyo atakayetwambia kwamba kuulizwa ni desturi ya kigeni, na kwamba Mwafrika huridhika akiamuliwa na wakubwa, hakuijua historia ya mlima huu.

Methali ya uji haipingani na hayo. Mgonjwa haulizwi uji kwa kuwa anayempikia ni wa nyumbani, uji wenyewe unajulikana, na mpishi akikosea atalala chumba kimoja na mkosewa. Ondoa mambo hayo matatu, na methali haina pa kusimama. Mtafiti hutoka mbali, dawa haijulikani, na mradi ukiisha gari huondoka.

Tatizo gumu zaidi ni la mtoto. Kijana yule wa darasani kwetu alikuwa na miaka tisa mama alipoletewa karatasi. Dawa ya haidroksiyurea yaweza kuathiri mbegu za kiume, na kwa watoto walioianza wadogo jambo hilo bado linachunguzwa. Mtoto wa miaka tisa ataulizwaje juu ya uzazi wake? Mila yetu juu ya kihamba cha yatima hapa ina nuru kuliko vitabu vingi. Mlezi hukilima kihamba hicho, hula ndizi zake, hukipalilia. Lakini hana haki ya kukiuza, kwa sababu mwenyewe atakua. Tunaona kwamba mzazi naye ni mlezi wa namna hiyo juu ya mwili wa mwanawe. Ila kihamba kikishika moto, mlezi hukata migomba ili kuuzuia, wala hangoji yatima afike miaka 18 amwombe ruhusa. Mtoto ambaye anaumwa kila baridi ikishuka, na ambaye mtu hajui kama ataona kipupwe kijacho, ni kihamba chenye moto. Hapo tunamwona mzazi akiwa na haki ya kusema ndiyo. Lakini mtoto akikua hana budi aitwe, aelezwe nini kilikatwa na kwa nini, na aulizwe yeye mwenyewe kama anaendelea. Ridhaa ya watoto isiyorudiwa ukubwani twaiona kuwa nusu ya ridhaa.

Wapo waliotaka kuulinganisha utafiti na msaragambo: kila mtu atoe nguvu kidogo kwa faida ya wote. Tungependa ulinganifu huo ukae, lakini haukai sawasawa. Katika msaragambo kila nyumba hutoa jembe. Katika kuijaribu dawa, wanaotoa jembe ni wagonjwa peke yao, yaani walewale ambao tumekwisha kuona kwamba walilipa kwa kinga ya wengine; na wazima husimama kando ya mfereji wakingoja maji. Ikiwa twataka uwe msaragambo wa kweli, wazima nao wana jembe lao: kuchangia gharama ili dawa iliyothibitika ipatikane mpaka kwenye zahanati, na kutunza kumbukumbu. Tangu mwaka 2004 Muhimbili imewafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu, jina kwa jina, mwaka kwa mwaka. Kazi hiyo haina shangwe. Haitangazwi kama kikombe kilivyotangazwa. Lakini jibu la "muda mrefu ni lini" hutoka humo tu. Na katika nchi zilizotangulia, waliofuatiliwa hata miaka 17 na zaidi walionyesha kwamba wale walioitumia haidroksiyurea kwa muda mrefu ndio waliokufa kwa uchache. Kwa watu wazima, basi, jibu limeanza kuonekana. Kwa watoto wa huku kwetu, wao wenyewe ndio wanaoliandika.

Tulimwambia mama karibu yote haya, kwa maneno mafupi. Kisha tukageuza karatasi tukaandika nyuma yake maswali ya kumpelekea daktari. La kwanza lilikuwa, dawa itaendelea kutolewa utafiti ukiisha? La pili, damu itapimwa mara ngapi, na nani atalipa nauli? La tatu tulikuwa tumeliandika kwa Kiswahili cha vitabuni, juu ya haki ya mshiriki kupewa taarifa. Mama alilisoma, akaomba kalamu, akalifuta, akaandika kwa mkono wake: "Nikifa mimi, nani atamtafuta mwanangu?"

Alirudi baada ya juma moja. Maswali mawili ya kwanza yalikuwa yamejibiwa, si kwa utimilifu, lakini yalijibiwa. Kwa la tatu, daktari alifungua daftari akaona ipo nafasi ya simu moja tu. Akachora mistari miwili zaidi kwa rula. Ya kwanza ikaandikwa ya mama, ya pili ya mjomba aliyeko Tengeru. Mstari wa tatu mama alikuwa ameuacha wazi, na sasa alikuja kutuuliza kama ungeweza kuandikwa wa mwalimu.

Ukaandikwa. Kijana sasa yuko kidato cha pili. Hunywa dawa yake kila siku saa nne, pamoja na uji wa shule, na kila baada ya miezi mitatu simu hupigwa kutuuliza yuko wapi.